Kuandaa Msafara wa Klabu ya Magari ya Kambi: Dar es Salaam Hadi Iringa kwa Siku Tano

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kamati ya klabu ya watu wenye magari ya kambi, yawe magari yenye hema juu ya paa, matrela ya kulala, au mabasi madogo yaliyotolewa viti yakawekwa vitanda, wanaotaka kusafiri pamoja, kula chakula cha wenyeji na kutazama yaliyomo njiani. Nimechagua njia ya Dar es Salaam, Morogoro, Mikumi na Iringa kwa sababu barabara kuu ni lami mwanzo hadi mwisho, vituo vya mafuta havikosekani, na ndani ya kilomita 500 hivi msafiri hupita mbugani, katika bonde la mibuyu, juu ya mlima Kitonga na hatimaye katika nyanda za juu zenye baridi. Jambo ambalo ningeomba kamati ilishike tangu kikao cha kwanza ni kwamba ratiba ianze kwa milo na mahali pa kusimama, na kilomita zigawanywe baadaye. Safari iliyopangwa kwa kilomita peke yake huwafikisha watu kila mahali jioni wakiwa wamechoka, wakala mikate na soda ndani ya magari, wakarudi nyumbani bila kuzungumza na mwenyeji hata mmoja.

Tarehe na idadi ya magari

Miezi ya Juni hadi Oktoba ndiyo bora, kwa kuwa mvua zimekwisha, nyasi za Mikumi zimekauka na wanyama husogelea maji. Sikukuu ya Saba Saba, tarehe 7 Julai, na ile ya Nane Nane, tarehe 8 Agosti, huwasaidia waajiriwa kupata siku tano bila kuomba likizo ndefu, hasa zinapoangukia karibu na mwisho wa juma. Ubaya wake ni kwamba barabara hujaa, na kambi za hifadhi huwahiwa mapema. Kwa hiyo anayetaka kutumia sikukuu hizo aanze maandalizi angalau miezi miwili kabla.

Kuhusu idadi, magari kumi ndiyo mwisho. Mwaka 1959 Mmarekani Wally Byam, mwanzilishi wa kampuni ya matrela ya Airstream, aliongoza msafara wa matrela 41 kutoka Cape Town kwenda Cairo, na picha za msafara huo huwavutia sana wapenzi wa magari ya kambi hadi leo. Lakini ule ulikuwa msafara wa miezi mingi, katika zama ambazo malori na mabasi hayakuwa mengi kama yalivyo sasa kwenye barabara ya kwenda Zambia. Leo mstari wa magari kumi na tano yaliyofuatana humnyima dereva wa basi nafasi ya kuupita salama, naye atajaribu kuupita hata mahali pasipofaa. Klabu ikiwa na magari zaidi ya sita, igawe msafara makundi mawili yanayoachana dakika ishirini, kila kundi likiwa na kiongozi mbele na gari la mwisho lenye fundi, kamba ya kuvutia, jeki nzito na pampu ya upepo.

Magari na nyaraka

Siku kumi kabla ya safari, magari yote yakaguliwe mahali pamoja na fundi mmoja, ili asiwepo mwanachama wa kusema gari lake alilikagua mwenyewe. Breki, matairi pamoja na la akiba, rejeta, mipira ya maji na mkanda wa feni ndivyo vitu vya kutazamwa kwanza, kwa sababu Kitonga ina tabia ya kufichua gari linalochemsha. Uzito nao upimwe kwa macho makali: hema la juu, matangi ya maji, majokofu na viti vya kukunja humfanya mwenye gari asahau kwamba amebeba mzigo wa pick-up juu ya gari la familia.

Kila gari liwe na pembetatu mbili za tahadhari, kizima moto ambacho muda wake haujapita, sanduku la huduma ya kwanza, bima na stika ya Nenda kwa Usalama. Mwendo katika makazi ya watu ni kilomita 50 kwa saa pale palipo na kibao, na askari wenye tochi za kupima mwendo wako njia nzima, hivyo kiongozi wa msafara asiwe mtu wa haraka. Wanaotaka kutumia redio za upepo kwa mawasiliano kati ya magari wahakikishe zina kibali cha TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania; wasio nacho watumie simu za kawaida zinazoshikwa na abiria, kamwe si na dereva. Kanuni moja ya barabarani inatosha kuzuia watu kupotezana: kila dereva anawajibika kwa gari lililo nyuma yake, na mahali popote pa kukata kona husimama hadi aone taa za mwenzake.

Kupanga milo na wapishi wa njiani

Hapa ndipo kamati inapopaswa kutumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Hoteli kubwa za mabasi zina chakula cha haraka na vyoo vya kutosha, na ni sawa kuzitumia kwa chai ya asubuhi, lakini chakula chake ni kilekile cha chipsi, kuku na pilau kinachopatikana Ubungo au Kimara. Mtu hakufunga hema juu ya gari akasafiri kilomita mia tano ili ale alichokiacha nyumbani. Chakula cha wenyeji hupatikana kwa mama lishe wa mji mdogo, kwa kikundi cha akina mama wa kijiji au nyumbani kwa mtu anayefahamika, na wote hao hawawezi kulisha watu ishirini na wanne waliowatokea ghafla. Ni lazima wapigiwe simu, na ikiwezekana mjumbe mmoja wa kamati awatembelee kabla.

Mazungumzo yenyewe yaendeshwe na mtu mwenye subira, kwa adabu ya kawaida, na yahusu mambo mahususi. Mfano wa namna yanavyokwenda ni huu:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo, mama. Tutapita kwako Ijumaa saa saba mchana. Tuko watu ishirini na wanne, na watoto sita ndani yake."

"Mtakula nini?"

"Mnachokula nyumbani, mama. Ugali, majani ya maboga, maharage na kuku wa kienyeji."

"Kuku wa kienyeji hapatikani siku hiyohiyo kwa watu wote hao. Nitumie hela ya kuku Jumatatu niwanunue kidogokidogo, maana nikiwatafuta Ijumaa asubuhi watanipandishia bei, na hasara itakuwa yangu."

Katika maneno hayo machache mpishi ameshataja kila kinachohitajika: fedha ya kuku itangulie, na aliyeagiza ndiye anayebeba hatari, si aliyeagizwa. Mweka hazina atume nusu ya gharama yote siku nne au tano kabla, na nusu nyingine ilipwe kabla watu hawajanawa mikono. Makadirio ya kawaida ni kwamba kilo moja ya unga wa sembe hutosha watu wazima wanne hadi watano, kilo moja ya mchele hutosha sita, na kuku mmoja wa kienyeji, ambaye si mnene kama wa kisasa, asigawanywe kwa zaidi ya watu watano. Mpishi aulizwe pia kama ana sufuria kubwa na sahani za kutosha. Asipokuwa nazo, wanachama waje na sahani zao, kwa kuwa mama anayelazimika kuazima sahani thelathini kwa majirani atakuwa na deni la fadhila ambalo klabu haitalijua.

Wasiokula nyama, wenye kisukari na Waislamu wanaotaka kuhakikishiwa uchinjaji watajwe kwenye simu hiyohiyo ya kwanza. Kuku wa kijijini wanaweza kuchinjwa na Mwislamu aliye jirani bila usumbufu wowote, ilimradi jambo lisemwe kabla ya kisu kupita.

Kwa njia hii ya Iringa, mpangilio wa milo unaofaa ni wali wa Kilombero kwa samaki au maharage ya nazi mkiwa Morogoro, nyama choma jioni kambini Mikumi, na ugali wa Iringa kwa majani ya maboga au mlenda siku zinazofuata. Kande za mahindi na maharage, zilizochemshwa usiku kucha na kuungwa kwa karanga, ni chakula kizuri cha asubuhi ya baridi kabla ya kuondoka. Wanaosafiri wakati wa mvua watakutana na ulanzi, pombe inayogemwa kwenye mianzi michanga. Ukiwa mpya ni mtamu na huitwa mtogwa, ukikaa huchachuka ukawa mkali. Dereva asionje hata huo mtogwa, kwa kuwa uchachu wake huendelea na hakuna anayeweza kuusoma kwa macho.

Kutoka Dar es Salaam hadi Mikumi

Ondokeni saa kumi na moja alfajiri, kabla msongamano wa Kimara na Kibaha haujakaza. Morogoro ni kilomita 190 hivi. Mkisimama Chalinze kwa chai, mtafika saa nne au saa tano, na chakula kitakuwa tayari saa sita. Baada ya kula hakuna haja ya kuzunguka mjini, kwa sababu zimesalia saa mbili za barabara na hifadhini ni vizuri kuingia mchana.

Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, na barabara kuu inaikatiza kwa takriban kilomita 50. Msafara upunguze mwendo kama vibao vinavyoelekeza, na mtu yeyote asishuke garini kupiga picha ya twiga aliyesimama kando ya lami. Wanyama hugongwa hapa, wanaowagonga hutozwa, na abiria aliyeshuka hana wa kumlinda. Malipo ya kiingilio, ya gari na ya kambi hufanywa kwa kadi au kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali (control number), na raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa kiwango chao wakionyesha vitambulisho; kwa hiyo katibu akusanye majina, namba za magari na namba za vitambulisho mapema, afanye malipo ya wote pamoja, na aulize kama kundi litapewa kambi ya umma au kambi maalumu. Kiingilio huhesabiwa kwa saa 24, jambo linalofanya saa ya kuingia langoni kuwa na maana: mkiingia saa tisa alasiri mna jioni ya leo na asubuhi yote ya kesho kwa malipo yaleyale.

Matembezi ya jioni yaelekee bwawa la viboko, ambalo haliko mbali na lango, na yale ya alfajiri yaelekee uwanda wa Mkata, ambako pundamilia, nyumbu, nyati na swala pala huonekana kwa makundi, na simba kwa bahati. Vaeni nguo za rangi ya udongo. Mbung'o hupenda nguo za buluu iliyokoza na nyeusi, na kuumwa na mbung'o ni maumivu ambayo watoto hawayasahau.

Kambini, chakula chote kifungiwe ndani ya magari, hasa ndizi, machungwa na maembe, kwa sababu tembo na nyani huvutwa na harufu yake. Magari yapangwe nusu duara na nyuma zake zikiangalia porini, moto uwe katikati, na kila anayekwenda chooni usiku aende na mwenzake na tochi yenye nguvu baada ya kumulika pande zote. Jenereta zizimwe saa tatu usiku. Kuni zinunuliwe nje au mtumie gesi, maana kuokota na kukata kuni hifadhini kumekatazwa. Takataka zirudi na waliozileta, na mifuko ya plastiki ya kubebea isiletwe kabisa, kwani imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Wenye vyoo vya kubebeka wavimwage katika vyoo vya shimo kwa idhini ya mlinzi wa kambi, kamwe si mtoni.

Bonde la mibuyu na Kitonga

Siku ya tatu ndiyo ya kuondoka Mikumi, na iwe saa kumi na mbili asubuhi. Baada ya mji wa Mikumi barabara huteremka ikafuata bonde la mto Ruaha Mkuu, na mibuyu husimama pande zote mbili kwa mwendo mrefu. Ruaha Mbuyuni ni mahali pa kununua vitunguu. Vimepangwa kando ya barabara kwa magunia na nyavu, na bei hupungua kwa anayenunua kwa kundi. Nashauri klabu inunue hapa wakati wa kurudi, la sivyo magari yatabeba magunia ya vitunguu kupanda mlima na kushuka nayo tena.

Kitonga yenyewe haihitaji ujasiri, inahitaji utulivu. Wekeni gia nzito kabla ya mwinuko kuanza, zimeni kiyoyozi, acheni nafasi ya magari matatu kati yenu, na msijaribu kulipita lori kwenye kona hata likienda kwa mwendo wa kutembea. Malori huharibika humu mara kwa mara na foleni huweza kuchukua saa nyingi, ndiyo sababu ya kupanda asubuhi mkiwa na maji ya kunywa na vitafunwa karibu. Gari likichemsha, dereva aliegeshe pembeni, aweke pembetatu na mawe nyuma ya matairi, na asifungue kifuniko cha rejeta hadi injini ipoe. Wakati wa kurudi, gia iliyotumika kupanda ndiyo itumike kushuka, na breki ziguswe kwa vipindi. Trela lisilo na breki zake lenyewe lisivutwe katika mlima huu.

Juu ya mlima hewa hubadilika ghafla, na Ilula huwapokea wasafiri kwa matenga ya nyanya. Kabla ya kufika Iringa kuna Lugalo, ambako tarehe 17 Agosti 1891 majeshi ya Wahehe chini ya mtawala wao, Mtwa Mkwawa, yalivishambulia vikosi vya Wajerumani na kumwua kamanda wao, Emil von Zelewski. Simameni hapo hata kwa robo saa, mmoja wenu awaeleze watoto kilichotokea, kwa sababu ziara ya Kalenga, ilikokuwa ngome ya Mkwawa, haitaeleweka vizuri kwa aliyepita Lugalo akiwa amelala.

Iringa

Mji uko mlimani, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai huweza kushuka hadi karibu nyuzi 10. Watu wa pwani huja na shuka nyembamba. Kila mwanachama aambiwe kwa maandishi alete blanketi zito, soksi na sweta. Kambi iwe katika eneo linalopokea wageni wenye mahema nje ya mji. Mkitaka kulala kwenye ardhi ya kijiji, nendeni kwanza kwa mtendaji wa kijiji, mjitambulishe, mwandike majina na mlipe kinachotakiwa kwa risiti.

Siku ya nne igawanywe sehemu mbili. Asubuhi iwe ya Isimila, korongo lenye zana za mawe za kale, kilomita 20 hivi kutoka mjini kwa barabara ya Mbeya, kabla jua halijapanda, maana korongo halina kivuli. Zana za mawe zilizopatikana hapa zilitambuliwa mwaka 1951 na kuchimbuliwa kitaalamu na mtafiti Mmarekani Clark Howell mwaka 1957 na 1958. Umri wake hukadiriwa kuwa miaka 260,000 hivi. Mshike mwongoza wageni wa hapo hapo na msimharakishe. Atawaonyesha jiwe la kukatia lililochongwa pande mbili hadi likawa na umbo la chozi, na akiruhusu mtoto alishike, kidole gumba hukaa penyewe mahali ambapo mchongaji alikusudia kikae. Baada ya hapo hushukwa korongoni kwenye nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na maji ya mvua. Viatu viwe vya kufunga, na wazee wenye magoti mabovu wabaki juu kwenye jumba dogo la makumbusho, ambalo lina mengi ya kusoma.

Alasiri iwe ya Kalenga, kwenye barabara ya kwenda Hifadhi ya Ruaha. Hapo ndipo ilipokuwa ngome ya Mkwawa iliyoangushwa na Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894. Mkwawa aliendelea kupigana msituni hadi alipojiua tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe, kichwa chake kikapelekwa Ujerumani. Urejeshwaji wake uliandikwa katika kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, lakini fuvu lilirudi mwaka 1954 tu, mikononi mwa Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, na sasa limehifadhiwa katika makumbusho ya Kalenga. Wageni huvua kofia, hunyamaza, na huuliza kabla ya kupiga picha. Viongozi wa klabu wawaandae vijana kwa hilo ndani ya magari, si mlangoni.

Kati ya ziara hizo mbili kuna chakula cha mchana, na hapa ndipo mahali pa yule mama wa kuku wa kienyeji. Watakaobaki na saa moja ya ziada wapitie soko la mjini wanunue vikapu vya milulu, au waende mkahawa wa Neema Crafts, kituo kilichoanzishwa mwaka 2003 ambacho huajiri watu wenye ulemavu, ambako wahudumu wengi ni viziwi na mgeni huandika anachotaka. Jiwe la Gangilonga, mwamba mkubwa unaotazama mji, ni la kupandwa machweo na wenye nguvu zilizobaki.

Hesabu

Michango ikusanywe katika mafungu matatu yasiyochanganywa: fungu la hifadhi na viingilio, fungu la milo, na fungu la dharura ambalo hurudishwa lisipotumika. Mafuta kila mtu hujaza mwenyewe, kwa kuwa Land Cruiser ya petroli na Noah hazinywi sawa na kugawana gharama hiyo huzaa manung'uniko. Mwanachama akijitoa ndani ya siku tano za mwisho, fedha yake ya milo isirudishwe, maana kuku wake wameshanunuliwa. Wapishi, waongoza wageni na walinzi wa kambi walipwe siku hiyohiyo na kusaini daftari, na mweka hazina atume mahesabu kamili kwa wanachama ndani ya wiki moja baada ya kurudi, pamoja na majina na namba za simu za wapishi kwa ajili ya kamati itakayofuata, baada ya wapishi wenyewe kukubali namba zao zigawiwe.